Lugha ya Nyumbani na Mlango wa Shule

Hotuba ya walimu wa darasa la Jumapili, iliyosomwa mbele ya waumini na wageni katika maadhimisho ya miaka 75 ya hekalu letu, Mombasa



Tunatoa shukrani kwa kamati kwa kutukabidhi dakika hizi chache katika siku kubwa kama ya leo. Sisi tunaozungumza ni walimu wa darasa la lugha linalokutana hekaluni hapa kila Jumapili. Baadhi yetu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hufundisha katika shule za msingi za umma; wengine ni wazee waliostaafu shughuli za duka, wakabaki na lugha waliyozaliwa nayo na hamu ya kuirithisha. Tuliombwa tuseme neno juu ya elimu ya watoto wetu. Tumeonelea tusihesabu alama za mitihani wala shahada, kwa kuwa hizo zimekwisha kutajwa na kushangiliwa. Tungependa kuzungumzia lugha ambayo mtoto huingia nayo shuleni siku ya kwanza, na yale yanayoipata lugha hiyo baada ya mlango wa darasa kufungwa.

Wengi wenu mnajua kwamba kitabu hiki cha kumbukumbu kimechukua muda mrefu kutayarishwa. Sababu mojawapo ni hii. Kamati ilipolifungua kabati la zamani ilikuta vitabu vya hesabu na vya kumbukumbu za vikao vya waanzilishi, vimejalidiwa kwa kitambaa chekundu, mfano wa zile chopda ambazo babu zetu wafanyabiashara walizileta mbele ya madhabahu kila Divali ili zibarikiwe. Kila ukurasa umeandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kigujarati. Vijana sita wa jumuiya yetu, wote wenye shahada, wawili kati yao wakiwa wahasibu, walizunguka meza wakafunua kurasa. Walilitambua neno Shri lililo juu ya ukurasa, kwa kuwa wameliona katika kadi za arusi. Baada ya hapo hawakuweza kuendelea.

Ilibidi tumwendee mzee wetu mmoja aliyepita umri wa miaka 80. Alisoma kwa muda wa majuma matatu, kioo cha kukuzia kikiwa mkononi, nao vijana wakaandika kwa Kiswahili yale aliyoyasoma. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mjane mmoja alitoa bangili zake mbili za dhahabu ziuzwe ili mbao za mlango zinunuliwe. Kwamba seremala mmoja, kwa kukosa fedha, alitoa siku 40 za kazi. Na kwamba chokaa ya kuta hizi ilichomwa na fundi wa Kidigo, ambaye waanzilishi walimlipa nusu ya ujira, na nusu iliyobaki akakataa kuipokea, akisema kwamba nyumba ya sala haidaiwi.

Ndugu zetu, habari hizo zilikaa hatua chache kutoka mahali tunapovua viatu. Vitabu vilikuwa salama kabatini miaka yote hiyo. Sisi ndio tuliokuwa tumeacha kujua kuvisoma. Mzee yule angalitutoka mwaka uliopita, leo tungekuwa tunasherehekea jengo tusilojua limejengwa na nani.

Yafaa tujiulize jambo hili lilitokeaje, maana halikuletwa na uvivu wa vijana. Katika enzi ya ukoloni shule za Kenya ziligawanywa kwa rangi na asili: za Wazungu, za Waasia, za Waarabu na za Waafrika. Mgawanyo ule ulikuwa dhuluma, wala hakuna kati yetu anayeulilia. Ndani ya shule nyingi za Waasia, watoto walianza kusoma kwa lugha za nyumbani, kama vile Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu, ndipo Kiingereza kikafuata. Mwaka 1957, jijini Nairobi, kulianzishwa kituo maalumu cha kutayarisha masomo yatakayofundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza, na madarasa ya majaribio yalikuwa ya watoto wa Kiasia. Hoja iliyotolewa ilionekana kuwa na uzito: chumba kimoja kilikuwa na watoto wa lugha tatu au nne, na masomo ya sekondari yalikuwa ya Kiingereza. Majaribio yale yalisifiwa sana. Muda si mrefu yakapelekwa katika shule za Waafrika, yakajulikana kama Mbinu Mpya ya Elimu ya Msingi. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ikaunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Tunaomba tulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Watoto wa jamii yetu ndio waliokuwa wa kwanza kulipita lango lile, na watoto wa Wagiriama, wa Wakamba na wa Waluo wakapitishwa nyuma yao. Hatusemi hayo ili kuwalaumu wazazi wa wakati ule. Walitaka watoto wao wafaulu, kama sisi tunavyotaka leo. Tunayasema kwa sababu jamii iliyotangulia katika kuziacha lugha za nyumbani ina wajibu wa kusaidia kuzirudisha, na wajibu huo hauishii kwenye Kigujarati wala Kikutchi.

Tuwape kisa kimoja kutoka darasani. Mwalimu mmoja kati yetu hufundisha madarasa ya chini katika shule ya umma. Mwaka mmoja alipokea mtoto wa miaka sita aliyetoka mashambani Kilifi kuja kuishi kwa shangazi yake hapa mjini. Muhula mzima mtoto hakusema neno. Alipoulizwa kwa Kiingereza alitazama chini. Alipoulizwa kwa Kiswahili alitikisa kichwa. Katika daftari la maendeleo mwalimu wetu aliandika, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mtoto huyo ni mzito wa kuelewa. Siku moja mama anayepika uji wa shule alimwita kwa Kigiriama amsaidie kugawa vikombe. Mtoto akavihesabu vyote, akavigawa kwa kila meza, akarudi kueleza kwamba meza moja imepungukiwa na vikombe vitatu na nyingine viwili, kwa hiyo vinatakiwa vitano zaidi. Mtoto aliyeitwa mzito alikuwa akijumlisha na kutoa. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza kwa lugha anayoijua.

Mwalimu wetu alilifuta neno lile katika daftari, lakini hutwambia kwamba halijafutika moyoni mwake. Tangu siku hiyo amejiwekea desturi ya kuanza somo kwa kuwauliza watoto neno moja kwa lugha za nyumbani kwao. Maji kwa Kigiriama ni madzi; kwetu Wagujarati ni pani; Mkamba na Mluo nao hutaja la kwao, na yote huandikwa ubaoni kando ya neno la Kiswahili na la Kiingereza. Mtoto yule wa Kilifi ndiye aliyeona kwamba madzi na maji ni ndugu. Hakuhitaji kufundishwa upya maji ni kitu gani. Alihitaji kuonyeshwa daraja tu, naye akavuka mwenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya elimu ya lugha mbili, na tungependa ieleweke vizuri, kwa sababu wazazi wengi huiogopa. Haina nia ya kumfungia mtoto katika lugha ya nyumbani na kumnyima Kiswahili au Kiingereza. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishaelewa kwamba alama zilizo kwenye karatasi ni sauti za maneno anayoyajua, ufahamu huo huuchukua hadi lugha ya pili na ya tatu. Lakini akianzishwa kwa lugha asiyoielewa, hukariri sauti bila maana. Hutamka ukurasa mzima kwa ufasaha, kisha ukimwuliza umehusu nini, hana jibu.

Mtaalamu wa Kanada aitwaye Jim Cummins, aliyewachunguza watoto wa wahamiaji, alieleza kwamba mtoto aweza kupata lugha ya mazungumzo ya uwanjani kwa muda wa miaka miwili hivi, ila lugha ya vitabu na ya mitihani humchukua miaka mitano hadi saba. Sisi walimu hudanganyika tukimsikia mtoto akicheza kwa Kiingereza chepesi, tukadhani yuko tayari kuelewa sayansi kwa lugha hiyo. Huko Nigeria, kuanzia mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife waliwafundisha watoto masomo ya shule ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekijua vizuri. Watoto hao walipolinganishwa na wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, walifanya vizuri zaidi katika masomo, na hata katika Kiingereza hawakuachwa nyuma.

Kuna wanaosema kwamba lugha nyingi humchanganya mtoto. Tuwaombe wasikilize watoto wa nyumba zetu. Kwa Kigujarati, dada ni babu mzaa baba, kaka ni ndugu wa baba, na mama ni mjomba. Kwa Kiswahili, kila mmoja hapa anajua dada, kaka na mama ni akina nani. Hata hivyo hatujapata kumwona mtoto wa miaka minne wa jumuiya yetu aliyemwita babu yake kwa kudhani anamwita dada yake. Anajua anazungumza na nani na kwa lugha gani. Akili ya mtoto ina nafasi ya kutosha. Nafasi inayokosekana ni ya ratiba, na ya nia yetu sisi watu wazima.

Wala sheria za nchi yetu haziko kinyume nasi. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule, na baadaye vikatungwa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha nyingi za Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kisha ikaipa serikali wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeweka somo la lugha za kiasili katika gredi tatu za mwanzo. Nayo jamii ya Wakenya wenye asili ya Kiasia ilitambuliwa mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la nchi hii. Kutambuliwa ni heshima. Heshima hiyo hutuletea pia kazi, maana aliyehesabiwa kuwa wa nyumbani hushiriki kulitengeneza paa la nyumba.

Tukisema ukweli, baina ya kifungu cha sheria na dawati la mtoto kuna safari ndefu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi wanafunzi wa enzi za utoto wake walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikikuyu katika uwanja wa shule. Kibao hicho wengi wetu tumekiona katika sura mbalimbali hata baada ya uhuru. Shule nyingine hutoza faini. Nyingine humwandika mtoto jina ubaoni. Na wazazi, tukiwemo sisi wa hekalu hili, tumepata kuwauliza walimu kwa fahari: je, hapa mtoto atazungumza Kiingereza tu? Mwalimu husikia swali hilo, akalifanyia kazi.

Jambo hili limezisumbua nchi nyingi, nasi twaweza kujifunza kwao. Nchini Marekani sheria ya elimu ya lugha mbili ilitungwa mwaka 1968. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ambao walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa bila msaada wowote. Mahakama ilisema kwamba kuwapa watoto vitabu vile vile na mwalimu yule yule hakuwafanyi kuwa sawa, iwapo hawaelewi kinachosemwa. Hata hivyo, mwaka 1998 wapigakura wa California waliizuia kwa kiasi kikubwa elimu ya lugha mbili katika shule za umma, na ikawachukua miaka 18, hadi 2016, kuliondoa zuio hilo kwa kura nyingine. Mtoto aliyeanza shule mwaka lilipowekwa zuio alikuwa mtu mzima lilipoondolewa. Wakubwa waweza kubadili mawazo yao. Utoto wa mtu haurudiwi.

Kisiwani Mauritius, ambako wazee wengi walifika kutoka India wakiwa vibarua wa mashamba ya miwa, Kihindi, Kitamil, Kitelugu, Kimarathi na Kiurdu hufundishwa katika shule za msingi za serikali, na mwaka 2012 Krioli, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi wa kisiwa hicho, ikaingizwa kuwa somo. Nchini Afrika Kusini, katiba ya mwaka 1996 inavitaja Kigujarati, Kihindi, Kitamil, Kitelugu na Kiurdu miongoni mwa lugha zinazopasa kukuzwa na kuheshimiwa. Ni nchi ile ile ambako Mohandas Gandhi alianzisha gazeti la Indian Opinion mwaka 1903 kwa Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kitamil, na ambako baadaye, katika shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, aliwafundisha watoto kwa lugha za mama zao, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba Kitamil chake kilikuwa haba. Mwalimu asiyeijua vema lugha ya mwanafunzi wake alijitahidi kuifuata. Huo ni mfano ambao kila mmoja wetu aweza kuuiga kesho asubuhi.

Sasa tuzijibu hoja mbili nzito, maana tumezisikia kutoka kwenu na tunaziheshimu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hekalu na nyumba zinatosha; kwa nini kuisumbua shule? Sisi tumelifundisha darasa la Jumapili kwa miaka mingi, na tunawapa jibu la watu waliojaribu. Tuna saa moja na nusu kwa wiki. Mtoto husahau nusu ya alichosoma kabla ya Jumapili inayofuata, na Jumapili za mitihani haji kabisa. Watoto wetu huimba bhajan kwa sauti nzuri hapa hekaluni, lakini husoma maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi kwenye kiwambo, na tukiwauliza maana wengi hutazamana. Zaidi ya hayo, mtoto ana macho. Huona kwamba shule, mahali anapoambiwa patamfanya awe mtu, haina habari na lugha ya bibi yake. Hatuhitaji kumwambia kwamba lugha hiyo ni ya chini; amekwisha kuelewa mwenyewe. Akifika umri wa miaka kumi na mbili, ba humwuliza kwa Kigujarati naye hujibu kwa Kiingereza, na akifika ishirini, ba huacha kumwuliza.

Hoja ya pili imetoka kwa walimu wenzetu wa shule za umma. Wanasema: darasa langu lina watoto wengi, wa lugha nyingi, nitafundisha kwa lugha ya nani? Tunaijua hali hiyo kwa kuwa tunaiishi. Hatuombi kila lugha iwe na shule yake kwa fedha za serikali. Kufanya hivyo kungetupeleka kwenye zile shule zilizogawanywa kwa asili, na tumekwisha kusema kwamba hatuzililii. Tunataka watoto wetu wakae dawati moja na wenzao, wajue Kiswahili kilicho safi, kwa sababu ndicho kinachotuunganisha sote. Kiswahili chenyewe, hasa Kimvita cha mji huu, ni lugha ya mama ya majirani zetu, na kimepokea kutoka kwetu maneno kama gari, bima, hundi, laki na bepari. Mashambani, ambako takriban darasa zima huzungumza Kigiriama, Kidigo au Kitaita, lugha hiyo na iwe ndiyo ya kuanzia kusoma, kama sera inavyosema. Mjini, Kiswahili na kianze, na kila lugha ya nyumbani ipewe kipindi chake na heshima yake: saa chache katika juma, ambapo watoto hugawanyika kwa lugha na kufundishwa na mwalimu, mzazi au mzee aijuaye, kisha wakarudi pamoja.

Kwa kuwa hotuba bila ahadi ni upepo, tumekubaliana na kamati juu ya mambo manne, nasi tunayatangaza mbele ya mashahidi nyote.

La kwanza, vitabu vyote vyekundu vya waanzilishi vitasomwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, wakati wazee wanaovijua wangali nasi. Kazi hiyo itafanywa na vijana wakiketi kando ya wazee, na sharti ni kwamba kila kijana ajifunze herufi kabla ya kushika kalamu.

La pili, darasa la Jumapili litakuwa wazi kwa mtoto yeyote wa mji huu atakaye kujifunza Kigujarati, wa dini yoyote. Vilevile tumemwomba mama yule mpika uji, ambaye leo ni mgeni wetu hapa ukumbini, atufundishe Kigiriama sisi walimu, kwa malipo yanayostahili mwalimu. Amekubali.

La tatu, sehemu ya mchango wa maadhimisho haya itatengwa kwa ajili ya vitabu vya kusomea vya watoto wa madarasa ya chini, kwa Kidigo na Kigiriama kwanza, vitakavyotolewa bure kwa shule za umma zitakazovihitaji. Wengine wameuliza kwa nini hekalu la Kihindu litumie fedha kwa vitabu vya Kidigo. Jibu limo katika kitabu chekundu, katika ukurasa wa chokaa. Fundi yule alikataa nusu ya ujira wake. Miaka 75 imepita, na hatujui wajukuu wake wako wapi. Lakini tunajua lugha yao.

La nne ni la wazazi, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halinunuliwi. Tunawaomba mzungumze na watoto wenu kwa lugha yenu nyumbani, walau wakati wa chakula cha jioni, bila kuona haya mbele ya mgeni. Msiwacheke wanapokosea. Na mkienda shuleni kuonana na mwalimu, msimwulize tena kama mtoto anazungumza Kiingereza tu. Mwulizeni kama mtoto anaelewa anachosoma.

Nanyi wanafunzi wetu mlioketi hapa mbele, tuna neno moja kwenu. Hatuwaambii mpunguze Kiingereza. Kisomeni mpaka mkimudu barabara. Hatuwaambii mpunguze Kiswahili, kwa kuwa ndicho tunachowasemesha nacho sasa na ndicho tulichotumia kuwafikishia habari za waanzilishi. Tunawaomba mwongeze. Kijana mmojawapo wa wale sita waliokwama kwenye neno Shri amekuja darasani kila Jumapili tangu siku ile, akikaa kwenye benchi pamoja na watoto wa miaka minane. Ana umri wa miaka 27, na mwanzoni watoto walimcheka. Wiki iliyopita alisoma mwenyewe, polepole, mstari mmoja wa ukurasa wa mchango, ule wa bangili. Akagundua kwamba jina la kijiji alikotoka yule mjane ni jina la kijiji cha nyanya yake.

Divali ijayo, kitabu cha kwanza cha waanzilishi kitawekwa mbele ya madhabahu pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, ndipo sala ya chopda isomwe. Tunamwomba Mama Saraswati, mlinzi wa elimu na usemi, azibariki lugha zote zinazosemwa katika nyumba za mji huu. Tunawaomba wazee wetu wabaki na afya njema watusomee zaidi. Na tunawaomba ninyi nyote mje Jumapili, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma kilicho kando ya jiko. Viti vipo.